Daftari Limepasuka, Ghala Liko Zima: namna koperative moja iliokoa video yake ya migomba

Mara hii hatuanzi na mbegu wala bei ya kahawa. Tunataka kusema juu ya video. Siku hizi koperative nyingi kwetu Kivu zinajirekodi zenyewe kwa simu: namna ya kupanda muhogo safi, namna ya kukausha kahawa, namna ya kutengeneza mboji. Halafu wanaonyesha siku ya soko, na watu wanakuja kuangalia. Ni kazi nzuri, juu mkulima anaamini mbio akiona mkulima mwenzake anafanya, kuliko akisikia mgeni anaeleza.

Lakini video inaweza kupotea saa moja, hata kama watu walifanya kazi mwezi mzima. Tuliona jambo hilo kwa macho yetu, tulipokwenda kutembelea koperative moja ya wakulima wa migomba. Tulifika tukidhani tutapiga picha ya kikao na kurudi. Tukakaa siku mbili. Tunawaeleza yaliyotokea, kwa sababu siku moja inaweza kuwa zamu yenu.

Video yenyewe ilikuwa ya nini

Ilikuwa juu ya mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ambao wengi wenu mnaujua vizuri kuliko sisi. Hapa Kongo ulionekana mara ya kwanza upande wa Masisi, mwaka 2001. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpango, ukizipasua ndani unakuta rangi ya kahawia. Ukikata mti, usaha wa manjano unatoka. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima bila kusafishwa, linapeleka ugonjwa.

Katika koperative hiyo kuna mzee mmoja ambaye shamba lake lilikuwa karibu kwisha. Alifuata mafundisho: kukata kila shina lenye alama, chini kabisa kwenye udongo, bila kung'oa shina zima la jirani, kupitisha panga katika moto au katika maji ya jik kila mara, kutoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, mara tu mkungu unapomaliza kutoa vichane. Alirudia kazi hiyo kila juma, miezi na miezi. Vijana wa koperative walimfuata na simu tangu mwanzo. Walipata vipande 46 vya video. Kimoja, ndicho kila mtu alikisifu, kinaonyesha mzee anakata shina, anasogeza kamera karibu, na ule usaha unaanza kutoka pole pole huku yeye anaeleza.

Leo shamba la mzee ni la kijani. Kwa hiyo picha zile haziwezi kupigwa tena. Hatuwezi kuomba ugonjwa urudi ili tupate video nzuri.

Asubuhi ambayo kuranti ilikatika

Kijana anayefanya montaji, yaani kukata vipande na kuvipanga viwe filme moja, alikuwa anatumia programu ya Kdenlive. Ni programu ya bure, inaweza kufanya kazi katika ordinatere za Windows, za Linux na za Mac. Ordinatere yake ni ya kubebeka, lakini batri yake ilikufa zamani. Ikikosa kuranti, inazimika palepale.

Asubuhi hiyo alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Alibonyeza kuhifadhi kazi yake. Na huku nyuma alikuwa anahamisha vile vipande 46 kutoka fulashi kwenda ndani ya ordinatere, kwa kuvikata na kuvibandika, ili fulashi ibaki wazi. Jenereta, ile tunaita gurupu, ikaishiwa mafuta. Ekrani ikawa nyeusi.

Mafuta yalipopatikana, akawasha. Akabonyeza mradi wake. (Hapa tukisema mradi hatusemi juu ya mradi wa wafadhili. Ni ile fishie ambayo programu inaandika ndani yake kazi yote ya montaji.) Programu ikajibu kwamba fishie hiyo haisomeki. Akachomeka fulashi. Ordinatere ikasema fulashi haijulikani, ikauliza kama anataka kuiformata.

«Yote imeenda,» akasema. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya neno la kukubali.

Mama mtunza sanduku la koperative alikuwa meza ya pili, anahesabu risiti.

«Mwanangu, usiguse kwanza,» akasema. «Kuformata ni nini?»

«Mama, ni kuisafisha, ianze upya.»

«Kusafisha ni kufuta?»

Kijana akanyamaza.

«Basi toa mkono. Mtu hafuti kitabu kabla ya kuhesabu.»

Mama huyo hajawahi kufanya montaji. Lakini tangu hapo kazi yote ilikwenda vizuri, kwa sababu ya neno lake.

Mradi si picha

Tukaketi wote kuzunguka ile ordinatere, na prezidenti wa koperative akauliza swali ambalo wengi wenu mngeuliza: «Kama mradi umeharibika, picha nazo zimeharibika?»

Hapana. Hili ndilo jambo la kwanza la kuelewa, na ukilielewa hofu inapungua nusu. Fishie ya mradi haina picha hata moja ndani yake. Ni kama daftari la ghala. Daftari linasema: gunia namba 12 liko kona ile, lilitolewa kilo tano, likapelekwa kwa fulani. Gunia lenyewe haliko ndani ya daftari. Vilevile mradi unasema: chukua kipande namba 12, anza sekunde ya 5, ishia sekunde ya 20, kiweke baada ya kile cha mama, ongeza sauti hii. Vipande vyenyewe viko mahali pengine, kwenye dosye yao.

Kwa hiyo kuna hasara za namna mbili, na dawa zake hazifanani. Daftari linaweza kupasuka na ghala likabaki zima. Na ghala linaweza kupoteza gunia na daftari likabaki zima. Kwa kijana wetu yalitokea yote mawili siku moja.

Kwanza: daftari

Kabla ya kujaribu kitu chochote, kijana alitengeneza nakala ya ile fishie mbovu na kuiweka kando. Majaribio yote yafanyike juu ya nakala, ili ukikosea usizidishe jeraha.

Halafu tukaangalia uzito wake. Ulikuwa okteti 0. Maana yake kuranti ilikatika wakati programu ilikuwa imefungua ukurasa mpya na haijaandika neno. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni karatasi nyeupe.

Kama kwenu uzito si sifuri, mnaweza kuchungulia. Mradi wa Kdenlive ni maandishi matupu, unafunguka hata katika programu ndogo ya kuandikia barua. Ulio mzima unaanza na alama <?xml na unaishia na alama </mlt>. Kama mwisho umekatika katikati ya mstari, mnajua kuandika hakukumalizika. Angalieni tu, msibadilishe kitu, na mkifunga msikubali kuhifadhi.

Basi tukageukia nakala za akiba. Kila mara ukihifadhi, Kdenlive inaweka pembeni nakala nyingine ya mradi, bila kukuuliza. Katika menyu kuna mstari wa kufungua nakala hizo. Ukiubonyeza unapata orodha yenye tarehe na saa, na picha ndogo inayoonyesha kazi ilivyokuwa wakati ule. Kijana hakujua kama orodha hiyo iko. Alipoiona akashika kichwa: nakala ya jana jioni ilikuwa pale, nzima. Alipoteza kazi ya asubuhi moja tu.

Ukishafungua nakala kama hiyo, usiihifadhi juu ya ile mbovu. Ihifadhi kwa jina jipya.

Pili: ghala

Mradi wa jana ukafunguka, lakini ukaleta orodha ndefu: vipande 46 havionekani. Prezidenti akasema, «Sasa ni hatari.» Hapakuwa na hatari bado. Daftari la jana lilikuwa linasema magunia yako kwenye fulashi, na kijana alikuwa ameyahamisha. Programu ilikwenda kugonga mlango wa zamani.

Jambo hili linatokea mara nyingi, hata bila kuranti kukatika. Ukibadilisha jina la dosye, ukihamisha vipande, au ukipeleka kazi kwenye ordinatere nyingine, mradi unasema vipande vimepotea. Vingi havijapotea. Kdenlive inakupa kitufe cha kutafuta: unaionyesha dosye moja, inaingia mpaka katika dosye ndogo za ndani. Na haitafuti kwa jina tu. Iliandika uzito wa kila kipande na alama yake, sawa na alama ya kidole cha mtu, kwa hiyo hata kipande kilichobadilishwa jina inaweza kukitambua.

Tukaionyesha dosye mpya. Orodha ikaanza kupungua. Arobaini na tano vikapatikana. Kimoja kikabaki chekundu.

Mnajua tayari ni kipi. Kilikuwa kile cha mzee anakata shina.

Kipo ndani ya dosye, jina lake linaonekana, lakini uzito wake ulikuwa nusu. Ndicho kilikuwa kinahamishwa wakati gurupu ilizimika. Programu iliona uzito haufanani ikakikataa, na ilikuwa na haki. Tulijaribu kukichezesha peke yake: ekrani nyeusi. Kwenye fulashi labda kilikuwa bado, lakini fulashi haikufunguka.

Mzee mwenyewe alikuwa amekuja, ameketi kwenye mlango. Akauliza taratibu: «Ni ile ya usaha?»

«Ndiyo, Papa.»

Hakuna mtu aliyesema kitu.

Bahasha

Mama mtunza sanduku akasimama, akafungua lile sanduku la chuma la koperative, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karti ya memori ya simu, ndogo kama ukucha. Kumbe mwezi uliopita kijana alitaka kuifuta ili akarekodi harusi ya rafiki yake. Mama akamkatalia. Akamwambia harusi atafute karti nyingine. Hii itafutwa siku filme itakapoonyeshwa na wanamemba wote wakaiona, kama vile risiti hazichomwi kabla hesabu ya mwaka haijapitishwa. Kijana alikasirika siku ile. Alituambia mwenyewe.

Tukaweka karti. Kipande kilikuwemo, kizima, na uzito wake wote. Kijana akakikopi, safari hii bila kukikata, akakiweka pale pa ile nusu. Akarudia kutafuta. Orodha ikabaki tupu, na kwenye ekrani mzee akaanza kusogeza panga karibu na kamera. Mzee mwenyewe pale mlangoni akacheka, akasema kofia ile siku ile haikumkaa vizuri.

Kazi ya asubuhi iliyopotea, kijana aliirudia mchana mmoja. Fulashi ilichekiwa baadaye, baada ya kila kitu kuwa salama.

Na kama kwenu hakuna bahasha?

Tusidanganyane: kwa koperative nyingine kipande kile kingekuwa kimekwenda. Ila kuna mambo mawili ya kujaribu kabla ya kukata tamaa.

La kwanza ni juu ya kipande kilichokatika katikati. Simu ikirekodi, inaandika picha kwanza, na orodha ya kuzisoma inaiandika mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Batri ikifa kabla, au kukopi kukikatika, picha zinaweza kuwa ndani lakini orodha haiko, basi ekrani inabaki nyeusi. Kuna programu ya bure inaitwa untrunc. Unaipa kipande kibovu pamoja na kipande kizima kilichorekodiwa na simu ileile, yenyewe inajifunza kwa kile kizima na kujaribu kuandika upya orodha. Haiwezi kurudisha kile ambacho hakikukopiwa, lakini sehemu iliyomo inaweza kuiokoa. Kwa hiyo msifute vipande vibovu, na msifute vile vizuri vya simu hiyo.

La pili ni pale mradi unaanza kufunguka, halafu programu inajifunga yenyewe. Mara nyingi kuna kipande kimoja kibovu kinachoiangusha. Fanyeni hivi: badilisheni kwa muda jina la dosye ya vipande, ili programu isivione. Sasa mradi ukifunguka na kuwa na nafasi wazi pale pa picha, mnajua daftari ni zima, ubaya uko ghalani. Fungeni bila kuhifadhi. Rudisheni jina la dosye, toeni nje nusu ya vipande, fungueni tena. Ikianguka, mbovu iko katika nusu iliyobaki. Isipoanguka, iko katika ile mliyotoa. Gawanyeni tena nusu kwa nusu. Kwa vipande 46, kufungua mara sita kunatosha kukamata kipande kimoja kibovu. Mkianza kujaribu kimoja kimoja mtalala hapo.

Yale tuliyokubaliana mbele ya kuondoka

Koperative ile iliandika kanuni zake kwenye karatasi na kuibandika ukutani, juu ya ordinatere. Tunazitoa hapa kwa ruhusa yao. Mnaweza kuzijadili katika kikao chenu.

1. Video ikirekodiwa, vipande vinakopiwa siku ileile. Kukopi, si kukata na kubandika. Ukikata, na safari ikaharibika njiani, unaweza kukosa huku na kule.

2. Nakala tatu: moja kwenye ordinatere, moja kwenye fulashi au disiki ya nje, moja inalala nyumba nyingine. Mwizi, moto na mvua vikiingia ofisini, havichukui zote.

3. Dosye moja kwa video moja. Vipande, sauti, muziki na mradi vyote vinaingia humo kabla montaji haijaanza, na hakuna anayevihamisha mpaka mwisho.

4. Kila siku mradi unahifadhiwa kwa namba mpya: migomba 01, migomba 02, migomba 03. Ni fishie nyepesi, hazijazi disiki. Ya leo ikiharibika, ya jana iko.

5. Montaji inasimama gurupu ikianza kukohoa. Unahifadhi, unafunga programu, unazima. Fulashi haing'olewi kabla ya kuiambia ordinatere iiachilie.

6. Video ikimalizika, mradi wote unakusanywa. Kdenlive ina mstari katika menyu unaokopi mradi na vipande vyake vyote katika dosye moja. Dosye hiyo inakwenda kwa mama mtunza sanduku.

7. Karti ya memori haifutwi na mtu mmoja. Inafutwa baada ya filme kuonyeshwa, na mama mtunza sanduku anatia sahihi.

8. Kitu kikiharibika, kwanza toa mkono. Usiformate, usihifadhi juu ya kibovu, usifute. Tengeneza nakala, halafu ndipo utafute.

Kanuni ya saba ilileta mabishano. Vijana wawili walisema ni kuwanyima uhuru, karti ni bei na hakuna pesa ya kununua nyingine kila mara. Wana haki: karti ni bei. Prezidenti akawauliza kipi ni bei zaidi, karti au miezi ya mzee shambani. Wakakubaliana kwamba karti moja mpya itanunuliwa kwa sanduku la koperative kila mwanzo wa msimu, ili ya zamani iweze kungoja bila kusumbua mtu.

Siku ya soko

Tulirudi kuangalia filme ikionyeshwa. Walitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa depo, watu wakasimama mpaka barabarani. Kipande cha usaha kilipofika, kelele zilikwisha. Mama mmoja nyuma yetu akamwambia mume wake, kwa sauti ambayo wote tulisikia: «Unaona? Ni ile iko kwetu, chini ya nyumba. Na panga lako uliliazimisha jana.»

Mume hakujibu. Lakini filme ilipokwisha tulimwona anakwenda moja kwa moja kwa mzee, na wakasimama pale wanaongea muda mrefu, mzee akimwonyesha kwa mikono namna ya kupitisha panga katika moto.

Wapendwa wanakoperative, kama mna video mnayotengeneza sasa, tunawaomba jambo moja kabla ya kikao kinachokuja. Ulizeni: nakala zetu ziko ngapi, ziko kwa nani, na nani ana ruhusa ya kufuta? Mkikosa jibu, tafuteni bahasha leo.